Ngoma ya Watoto Haikeshi: Disko, Binti Zetu na Usiku Usio na Mwenyewe



Usiku mmoja wa kuamkia Jumamosi, hapa kwetu Kisauni, niliamshwa na mdundo. Saa sita ilikuwa imekwisha kupita. Mtaa wa pili palikuwa na msiba wa jirani asiye wa dini yetu, na vijana walikuwa wamepanga spika kubwa uwanjani, wakikesha kwa disko ili wachange fedha za mazishi. Niliondoka kwenda kutawadha nipate rakaa mbili za usiku, nikapita mlangoni pa binti yangu, kitindamimba, mwenye miaka 15. Nikamkuta ameketi dirishani, mtandio begani, vidole vyake vikifuata pigo juu ya ubao wa dirisha.

Sikumgombeza. Nilimwambia, "Lala, mwanangu." Akanigeukia, na kwa adabu akaniuliza: "Mama, kwani nyinyi mlipokuwa wasichana hamkucheza?"

Nilimjibu kuwa tutazungumza asubuhi, nami nikarudi chumbani nikiwa na swali lililonizidi uzito. Kwani ningesema hatukucheza, ningesema uongo; na ningesema tulicheza kisha nikanyamaza, ningempa ruhusa nisiyoikusudia. Makala haya ni jawabu ambalo lingenitosha usiku ule kama ningekuwa nalo tayari.

NGOMA ILIKUWA NA WENYEWE

Pwani yetu haikungoja disko ndipo ijue kucheza. Bibi zetu walikuwa na vugo, wakiimba harusini huku wakipiga pembe za ng'ombe kwa vijiti. Walikuwa na lelemama, ngoma ya heshima iliyochezwa kwa safu, na katika Mombasa ya zamani vilikuwako vyama vya wanawake vya lelemama, kama Ibinaal Watan na Banu Saada, vikishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa maneno ya nyimbo. Walikuwa pia na chakacha, ngoma ya kiuno, leso imefungwa nyongani, ikichezwa na wanawake peke yao nyakati za harusi, milango imefungwa.

Nasi tusijidanganye kwamba ngoma hizo hazikukaripiwa. Zilikaripiwa, tena na watu wenye elimu. Ngoma ya beni, iliyozuka katika miji ya Pwani mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za askari wa Kizungu, ilionekana na wengi kuwa ni upuuzi na upotevu wa mali. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliwaonya Waislamu wa Pwani dhidi ya kuiga ya wageni yasiyo na manufaa. Lakini tuangalie vyema njia aliyoifuata mwanachuoni huyo: hakuishia kukemea; alihimiza elimu, na ya wasichana pia. Na baadhi ya bidii ile waliyokuwa nayo wanawake wa Mombasa katika kujikusanya, ilipofika miaka ya 1950, ilielekea kwenye vyama vya wanawake wa Kiislamu vilivyoshughulikia masomo ya mabinti. Desturi ya kujumuika haikuvunjwa. Ilipewa kazi bora zaidi.

Ninachotaka tukione katika ngoma zile si kwamba zote zilikuwa njema. Ni kwamba zilikuwa na wenyewe. Chakacha ilikuwa na mlango, na mlangoni palikuwa na mtu mzima. Msichana hakuingia ila kwa idhini, na aliyeingia alijulikana ni mwana wa nani. Kucheza kwenyewe kulifunzwa na mkubwa, na pamoja na kucheza yalifunzwa mengine: unyumba, stara, ulimi. Tena ilikuwa na saa yake. Wahenga waliposema ngoma ya watoto haikeshi, hawakuwa wakiwadharau watoto. Walikuwa wakiuwekea usiku mpaka.

DISKO LILIPOVUKA MAJI

Neno lenyewe lina asili ya Kifaransa, na maana yake ya kwanza ni mahali pa kuwekea santuri, mfano wa maktaba. Baadaye likawa jina la ukumbi ambamo watu hucheza kwa santuri pasipo kuwapo wapigaji. Katika miaka ya 1970 huko Marekani, hasa New York, muziki wa kumbi hizo ulipata umbo lake: pigo moja lisiloyumba, la kadiri ya mara 120 kwa dakika, likienda sawa na moyo wa mtu anayetembea kwa haraka. Waliouanzisha kwa wingi walikuwa watu weusi na watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, walio wengi maskini wa mijini. Ilipotoka filamu ya Saturday Night Fever mwezi wa Desemba 1977, ikiwa na nyimbo za Bee Gees, disko likaenea ulimwengu mzima.

Mombasa lilikuta njia imekwisha kulimwa. Watalii walikuwa wakimiminika ufukoni, na hoteli zilikuwa zikijengwa kaskazini, Bamburi na Shanzu, na kusini, ukishavuka Likoni kuelekea Diani. Daraja jipya la Nyali lilipofunguliwa mwaka 1980, pahala pa daraja la kuelea lililowekwa mwaka 1931, Kisauni na kisiwa vikawa kitu kimoja usiku na mchana. Changamwe nako, penye bandari, reli na kiwanda cha kusafishia mafuta, kulikuwa na vijana wa kila kabila wenye mshahara wa mwezi na wasio na mzee wa mtaa wa kuwauliza wanarudi saa ngapi.

Kisha likatokea jambo ambalo sisi wa Pwani ndio tunaolijua vyema. Disko halikuifukuza ngoma yetu, liliichukua. Bendi zilizokuwa zikiwatumbuiza watalii hotelini zilianza kupiga chakacha kwa magitaa na kinanda cha umeme, na katika miaka ya 1980 Mombasa Roots Band wakavuma kwa wimbo ulioyaunganisha majina mawili, disko na chakacha. Kabla ya hapo Bi Zuhura Swaleh alikuwa amekwisha kuitia kasi ya chakacha ndani ya taarabu, nasi tukampenda kwayo. Kwa hiyo muziki ule ulipotoka redioni, mabinti wa Likoni na Kisauni hawakuusikia kuwa ni kitu kigeni. Waliusikia kuwa ni wa kwao. Ulikuwa mdundo wa ukumbini kwa bibi, ila mlango umeondolewa.

Hapo ndipo ulipo utamu wa disko, na hapo hapo ndipo ilipo hatari yake. Disko halihitaji somo wa kukufunza. Kila mtu hucheza apendavyo. Halihitaji wapigaji, halihitaji chama, halihitaji ujuane na mtu. Mwenye haya hujificha gizani, mgeni huwa mwenyeji, maskini huwa sawa na tajiri kwa muda wa nyimbo kadhaa. Kwa kijana ambaye mchana kutwa anaambiwa "ondoka hapa", hilo si jambo dogo. Lakini mahali ambapo hapana anayekuuliza wewe ni nani, hapana pia anayejali umekwenda wapi.

HASIRA HAZIKULIZIMA

Penye disko pamekuwa na ghadhabu, wala si kwetu peke yetu. Jirani zetu wa Tanzania walitutangulia: baada ya vijana wa chama tawala kutangaza mwaka 1968 vita dhidi ya sketi fupi na mavazi ya kuigiza, wakubwa wa Dar es Salaam wakaupiga marufuku muziki wa soul mwezi wa Novemba 1969, wakisema unaharibu vijana. Marufuku yakatangazwa, vijana wakaendelea kuusikiliza.

Huko Marekani kwenyewe hasira zilikuwa kubwa zaidi. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park mjini Chicago, mtangazaji mmoja wa redio aliwaalika watu waje na santuri za disko ziangamizwe. Aliyeleta santuri alilipa senti 98 tu kiingilio. Wakaja watu wapatao 50,000. Santuri zikarundikwa katikati ya uwanja, zikalipuliwa kwa baruti. Umati ukaingia kiwanjani, ukang'oa nyasi na kuwasha mioto, hata mchezo wa pili wa jioni ile haukuweza kuchezwa. Wapo waliosema tangu siku ile kwamba chuki haikuwa ya muziki tu, bali pia ya watu walioutengeneza, weusi na Walatino.

Je, disko lilikufa? Jina lilififia. Lakini katika mji ule ule wa Chicago, miaka michache baadaye, vijana weusi waliutoa katika disko muziki mpya wa kudansi, nao ukaizunguka dunia. Somo ni jepesi: chombo huvunjwa kwa siku moja, ila haja iliyomfanya mtu akishike haivunjiki kwa baruti. Mwenye kutaka kuiondoa haja hiyo moyoni mwa mwanawe, hana budi kwanza aijue ni haja ya nini.

MIMI NILIPOVUKA

Sasa nijibu swali la binti yangu. Ndiyo, nilicheza.

Nilikuwa na miaka 14, tunakaa Likoni. Ilikuwa Idd. Mimi na binti wa mama mdogo tulimwambia mama kuwa twenda Makadara, kwenye pembea na mabuyu, kama watoto wote wa Mombasa wafanyavyo sikukuu. Tukavuka kwa feri tukiwa na nguo mpya na hina mikononi. Hatukufika Makadara. Tulikwenda kwenye ukumbi mmoja uliokuwa na disko la mchana la vijana, tukatoa pesa zetu za Idd mlangoni, tukaingia.

Nikisema sikufurahi, nitakuwa nimekudanganya, msomaji. Nilifurahi. Muziki ulikuwa mkubwa kuliko mwili wangu. Sikuwaza mama, sikuwaza saa. Tulipotoka nje, Maghribi ilikuwa imekwisha kupita na Isha imeadhiniwa. Alasiri yangu ilikuwa imenipita, na Maghribi vivyo hivyo, siku ya Idd. Vijana wawili wakubwa tuliowaona ukumbini walitufuata njia nzima wakituahidi kutuvusha kwa gari. Binti wa mama mdogo alianza kulia. Mimi nilikuwa nikicheka, kwa hofu.

Tulipofika kivukoni palikuwa na mama mmoja ameketi na karai lake la viazi, buibui lake limepauka kwa moshi. Alituangalia, akawaangalia wale vijana, akauliza swali moja tu: "Nyinyi ni wana wa nani?"

Tukamtajia baba zetu. Hakuwajua. Hata hivyo alisimama, akamwachia mwenziwe karai, akatushika mikono, mmoja huku na mmoja huku, akatupandisha feri. Wale vijana hawakuvuka. Alitupeleka mpaka mlangoni petu, akamwambia mama, "Hawa hapa wanao, wazima," akageuka kurudi kwenye viazi vyake. Hakutaka hata nauli ya kurudia. Mpaka leo ninamwombea dua, na jina lake silijui.

Nimekaa miaka mingi nikifikiri kuwa kosa langu siku ile lilikuwa muziki. Sasa nafikiri kosa langu la kwanza lilikuwa uongo niliomwambia mama, na hatari yenyewe ilikuwa kwamba nilikaa saa tano mahali ambapo hapana mtu mzima hata mmoja aliyeuliza mimi ni mwana wa nani. Waliuliza pesa ngapi.

WALIOKOSA WA KUWAULIZA

Wengine hawakupata mama wa viazi. Siku ya Idd-el-Fitr, tarehe 1 Oktoba 2008, mjini Tabora, Tanzania, watoto walijaa katika ukumbi wa disko kusherehekea sikukuu, katika kile kinachoitwa disko toto. Ukumbi ukafurika kupita kiasi, hewa ikapungua, wakaanza kukanyagana. Watoto wapatao 20 walifariki. Waliondoka makwao na nguo mpya na mkono wa Idd, kwa idhini ya wazee wao wengi wao, kwa kuwa ulikuwa mchana na jina lilikuwa la watoto. Baada ya msiba ule, polisi wa Tanzania wamekuwa wakipiga marufuku disko toto mara kwa mara zikaribiapo sikukuu. Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun.

Hapa kwetu bara ya Mombasa sura ya jambo hilo ni nyingine. Kisauni imepakana na Kilifi, Likoni imepakana na Kwale, na katika kaunti hizo mbili disko matanga limekuwa kilio cha machifu, walimu na viongozi wa dini kwa miaka mingi. Limepigwa marufuku mara kadhaa, kwa kutajwa kuwa ni mlango wa mimba za wanafunzi, ulevi na mapigano. Lina ndugu yake, disko vumbi, lipigwalo katika uwanja wowote wa mchanga, lisilo na ukuta wala mwangalizi. Sheria haikunyamaza. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zilizo chini ya sheria ya mazingira, huuhesabu usiku tangu saa mbili, na kelele za mitaani baada ya hapo zina kipimo. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 inamkataza aliye chini ya miaka 18 kuingia mahali panapouzwa pombe. Tatizo ni kuwa disko vumbi halina mlango wa kubandika sheria.

Na tuwe waadilifu kwa majirani zetu. Sisi Waislamu humzika maiti wetu upesi, mara nyingi siku ile ile, na gharama zake si kubwa. Jirani yetu aliye na jeneza la kununua, maiti wa kusafirisha na deni la mochari, hapigi disko kwa furaha. Anatafuta fedha. Tukilaani spika tusione uhitaji ulioziwasha, tutakuwa kama wale wa Chicago.

DINI YATUAMBIA NINI

Kuhusu muziki wenyewe, wanavyuoni wamezungumza tangu zamani. Wapo walioifasiri aya ya 6 ya Sura Luqman, kwa kauli iliyopokewa kutoka kwa Ibn Mas'ud (R.A.), kuwa yaingiza nyimbo, na wengi katika madhehebu manne wameviharimisha vyombo vingi vya muziki. Wapo, kama Ibn Hazm, walioona dalili za makatazo hayo ni dhaifu. Na Imam Ghazali katika Ihya ameliandikia suala la kusikiliza kitabu kizima, akipima wakati, mahali, maneno na hali ya moyo wa msikilizaji. Gazeti hili si mahali pa kutoa fatwa. Mwenye shaka amwendee sheikh wake.

Lakini lipo jambo lililothibiti katika Bukhari na Muslim ambalo wazazi hatulisimulii vya kutosha. Siku ya Idd, wasichana wawili walikuwa wakiimba nyumbani kwa Bi Aisha (R.A.), na Mtume (S.A.W.) yupo. Sayyidna Abubakar (R.A.) alipoingia akawakemea. Mtume (S.A.W.) akamwambia awaache, kwa kuwa kila watu wana sikukuu yao, na ile ilikuwa yetu. Siku nyingine ya Idd, Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini, naye akamsitiri Bi Aisha nyuma yake akitazama mpaka aliposhiba mwenyewe.

Tazama, mama mwenzangu, vilivyomo katika visa hivyo. Umo ujana, imo furaha, na imo Idd. Lakini pia umo ndani ya nyumba, mbele ya mzazi, kwa maneno masafi, kwa stara, na kwa kiasi. Furaha haikufukuzwa nyumbani ikatafutwe nje. Na juu ya hayo, wanavyuoni wote wanakutana katika haya yafuatayo, yawe na muziki au yasiwe: ulevi ni haramu, maneno machafu ni haramu, faragha ya mwanamume na mwanamke wasio maharimu ni haramu, na kinachopitisha wakati wa sala hakina kheri.

NA SISI WENYEWE?

Kabla hatujamnyooshea kidole kijana wa uwanjani, tuziangalie kupamba zetu. Siku hizi bwana wa spika huletwa mpaka ndani ya ukumbi wa wanawake, pengine ni mwanamume aliyewekewa pazia tu. Sauti ni ile ile ya disko. Mabuibui yamevuliwa, nywele ziko wazi, bibi harusi yuko jukwaani. Na kila mkono una simu. Kesho yake picha ya mke wa mtu akicheza iko katika simu za wanaume wa Changamwe hadi Dubai. Bibi zetu walifunga mlango kwa komeo, likatosha. Sisi tumefunga mlango tukaingia na dirisha mkononi.

Binti aliyelelewa akiona hayo, kisha akaambiwa disko ni la watu wasio na adabu, ataona mgongano, hata kama hataki kuusema.

TUFANYE NINI

Naleta haya kwa unyenyekevu, si kwa kujua kuliko wengine.

Kwanza, tujibu maswali ya watoto wetu kwa ukweli. Mtoto aliyeweza kuuliza "kwani nyinyi hamkucheza?" bado yuko mikononi mwako. Wa kumwogopa ni yule aliyeacha kuuliza.

Pili, tuwape Idd yenye wenyewe. Mtaa wenye akina mama kumi hauwezi kukosa ua mmoja mkubwa. Baada ya Adhuhuri ya Idd, wasichana wakusanyike: dufu, kasida, vugo kwa mwenye kulijua, hina, chakula, mashindano. Mwisho uwe kabla ya Maghribi, na watu wazima wawili wakae mlangoni. Wavulana nao wasisahauliwe, kwani tunamlinda binti na kumwachia kaka yake usiku mzima, kisha tunashangaa ni nani aliyekuwa uwanjani.

Tatu, kupamba kuwe na kapu la simu mlangoni. Mwenye harusi aandike hivyo katika kadi ya mwaliko ili asionekane mkorofi siku yenyewe. Picha za familia zipigwe kabla ya mavazi kuvuliwa, na mpiga picha awe mwanamke anayejulikana kwa amana.

Nne, jirani akifiwa, mchango wetu utangulie spika. Kijiji au mtaa ukichanga mchana, kwa daftari lililo wazi, Waislamu na Wakristo pamoja, haja ya disko la usiku hupungua yenyewe. Haki ya jirani katika dini yetu haikutazama dini yake. Na ukimwendea na rambirambi mkononi, utakuwa na uso wa kumwomba azime saa mbili.

Tano, turudishe swali la mama wa viazi. Tumekuwa waoga. Tunamwona mtoto wa mwenzetu kituoni saa tatu usiku, tunageuza uso tusije tukaambiwa tunaingilia. Tuulize. Wazazi nasi tusikasirike tukiletewa habari za wana wetu. Mwenye kukuletea habari leo amekuondolea kilio kesho.

Asubuhi ile, baada ya chai na mahamri, nilimketisha binti yangu nikamweleza yote: uongo niliomwambia nyanya yake, ukumbi, furaha niliyoipata, sala zilizonipita, wale vijana wawili, na mkono wa yule mama uliokuwa ukinuka moshi na mafuta. Hakunikatiza. Mwisho akaniuliza, "Na nyanya alikufanya nini?"

Nikamwambia hakunipiga. Alinipakulia chakula, akaniacha nile, kisha akanipeleka nikalipe sala zangu, naye akakaa nyuma yangu kwenye mkeka mpaka nilipotoa salamu ya mwisho. Idd iliyofuata ua wetu ulijaa wasichana wa mtaa mzima, na yeye ndiye aliyekuwa akipiga dufu.

Binti yangu alinyamaza kidogo, akasema, "Basi Idd hii tufanye kwetu."

Bado sijui kupiga dufu vizuri, na muda si mwingi. Lakini nimekwisha kuazima moja kwa jirani. Allah atujaalie tuwe wazazi walio macho, atulindie mabinti na wavulana wetu, na amlipe kheri kila anayemshika mkono mtoto asiye wake. Amin.